Juma la Mei na Njia ya Saadani

Mkutano mkuu wa kanisa una mambo mawili ndani yake, walakini watu wengi hulijua moja tu. Mwanafunzi wa Mabawa akipita karibu na kanisa siku za mkutano, huwaona wageni waliotoka Muheza na Korogwe na milima ya Usambara, wamekaa na karatasi zao mikononi, wakisikiliza hesabu ya fedha, na idadi ya waliobatizwa, na habari ya paa la shule linalovuja. Hudhani ya kuwa huo ndio mkutano wenyewe. Lakini jioni ikifika kengele hulia tena, na watu ambao mchana hawakuitwa barazani huja kwa wingi: wanawake hukutana peke yao, watoto huimba, mhubiri mgeni husimama, na mwisho Meza ya Bwana huandaliwa kwa wote. Hayo ndiyo makusanyiko ya pekee. Katika makanisa mengi baraza ndilo wali, na makusanyiko hayo ni kitoweo chake. Yako madhehebu ambayo kwao mambo yaligeuka, kitoweo kikawa ndicho chakula. Hao ni Wakongregesheni, na ingawa kwao ni mbali, jambo lililoamuliwa miongoni mwao lilikuja likapita katika pwani hii hii, kusini ya Pangani.

Wakongregesheni walianza kutokea Uingereza mwishoni mwa karne ya 16. Waliamini ya kuwa kila usharika wa waumini, hata ukiwa na watu ishirini tu, ni kanisa kamili. Wenyewe humchagua mchungaji wao, hutunza fedha zao na kukata mashauri yao, wala hapana askofu, wala mfalme, wala baraza kuu liwezalo kuwaamuru. Serikali ya siku zile haikupendezwa na mafundisho hayo. Mwaka 1593 watu wawili katika wakuu wao, Henry Barrow na John Greenwood, walinyongwa London. Wengine wakakimbilia Uholanzi, na baadhi ya hao wakavuka bahari mwaka 1620 kwa merikebu iitwayo Mayflower, wakafanya makao Marekani.

Watu wa pwani wataelewa desturi yao wakifikiri habari za majahazi. Kila chombo kina nahodha wake, na nahodha wa chombo kimoja hana amri juu ya tanga la mwenzake. Walakini pepo za kaskazi zikivuma, vyombo vingi hutweka pamoja, hutazamana njiani, na chombo kimoja kikipasuka wengine hugeuza omo kwenda kukiokoa. Hapana sheria iliyowafunga. Wamefungwa na bahari.

Hivyo ndivyo zilivyokuwa sharika hizo. Mwaka 1831 sharika za Uingereza na Wales zilianza kufanya umoja, na umoja huo ukawa na mkutano mkuu mara mbili kila mwaka, wa kwanza London katika mwezi wa Mei, wa pili katika mji mwingine majira ya vuli. Mwenyekiti alibadilishwa kila mwaka, mtu mmoja asije akazoea kiti. Mkutano uliweza kushauri, kuonya, kuomba na kutia moyo, kuamuru haukuweza. Usharika ulioona shauri si jema uliweza kuliacha, wala usiadhibiwe. Basi mtu angeuliza, Kwa nini watu wasafiri siku mbili kwenda kwenye mkutano usiokuwa na nguvu? Jibu lake ni kwamba nguvu zake hazikuwa mezani pa mwandishi. Zilikuwa katika makusanyiko yaliyouzunguka.

Kabla ya umoja huo walikwisha kuwa na kazi moja iliyowakusanya. Mwaka 1795 wachungaji na watu wa makanisa mbalimbali walikutana London wakaanzisha chama cha kupeleka Injili katika nchi za mbali, ambacho baadaye kiliitwa London Missionary Society, yaani Misioni ya London. Mwaka 1796 kikapeleka merikebu yake ya kwanza, jina lake Duff, mpaka visiwa vya bahari ya Pasifiki. Mwaka huo huo waliweka kanuni ya ajabu kidogo: kwamba hawatawapelekea watu wa nchi nyingine namna yao ya kutawala kanisa, bali Injili tu, na wale watakaoamini wachague wenyewe jinsi ya kujitawala. Chama kilikuwa wazi kwa Wakristo wa makanisa mengi, lakini miaka ilipopita wengi waliobaki ndani yake walikuwa Wakongregesheni, na kwa hiyo mkutano wake wa kila mwaka ukawa kama sikukuu yao kubwa.

Sikukuu hiyo ilifanyika Mei. Kwa watu wa Tanga Mei ni mwezi wa masika, njia zimejaa matope na mito imefurika, wala hapana mtu mwenye akili angechagua mwezi huo kuita wageni. Uingereza ni kinyume: baridi imekwisha, miti imechanua, jua huchelewa kutua. Tena vyama vingi vya dini vilikutana London mwezi huo huo, hata msafiri mmoja aliweza kuhudhuria mikutano mitano au sita kwa nauli moja. Watu wakaiita mikutano ya Mei.

Katika njia ya Strand, London, lilijengwa jumba kubwa lililoitwa Exeter Hall, likafunguliwa mwaka 1831. Ukumbi wake mkubwa ulichukua zaidi ya watu 3,000. Humo ndimo ulimofanyika mkutano wenyewe. Mwenyekiti alifungua kwa sala, katibu akasoma habari za mwaka, kisha hesabu. Kusoma huko kulichukua muda mrefu, wala si rahisi kuamini ya kuwa watu wote 3,000 walisikiliza kila tarakimu. Mtu mmoja akatoa shauri, wa pili akaliunga mkono, mikono ikainuliwa. Hata hapo hapajatokea jambo la kukumbukwa. Halafu husimama mtu aliyeungua kwa jua, aliyerudi kutoka Bara Hindi, au China, au Madagaska, au Afrika ya Kusini, akaanza kueleza aliyoyaona kwa macho yake, na ukumbi wote ukanyamaza.

Kuuzunguka mkutano huo yalipangwa makusanyiko mengine. Yalikuwako mahubiri ya mwaka, ambayo wahubiri mashuhuri waliyaandaa kwa muda mrefu, na watu wakajaa mpaka milangoni. Ulikuwako mkutano wa maombi. Ulikuwako mkutano wa vijana na watoto. Wamisionari waliokuwa tayari kusafiri waliagwa mbele ya watu, na wote waliohudhuria walijua ya kuwa baadhi yao hawatarudi. Wanawake walijaa viti kila mahali, na sehemu kubwa ya fedha ilikusanywa kwa mikono yao nyumba kwa nyumba. Lakini kwa miaka mingi waliosema jukwaani walikuwa wanaume.

Zaidi ya yote, siku moja katika juma hilo makanisa kadha wa kadha ya London yalifungua milango kwa Meza ya Bwana, na watu wa sharika mbalimbali wakala mkate mmoja. Kwa Mkristo ambaye kanisa lake lina askofu, jambo hili halitastaajabisha, kwa kuwa umoja wake umeonekana katika askofu. Wakongregesheni hawakuwa na askofu, wala sheria moja, wala hazina moja. Wasipokaa pamoja mezani, umoja wao ulionekana wapi?

Juu ya watoto inafaa kukawia kidogo. Mmisionari mmoja wa chama hicho, John Williams, aliuawa mwaka 1839 katika kisiwa cha Erromango katika Pasifiki. Baada ya kufa kwake watoto wa sharika waliombwa kuchanga fedha ili inunuliwe merikebu ya kuwafikia watu wa visiwa vile. Wakakusanya peni moja moja, na peni zile zikawa zaidi ya pauni 6,000. Merikebu ikatweka mwaka 1844, ikaitwa kwa jina la marehemu. Mwaka 1864 ikavunjika mwambani. Watoto wa wakati ule, ambao wengi hawakuwa wamezaliwa ilipotweka ile ya kwanza, wakachanga tena. Ya pili nayo ikavunjika mwaka 1867, baada ya muda wa mwaka mmoja tu baharini. Wakachanga mara ya tatu. Vyombo vya jina hilo viliendelea kufuatana mpaka karne ya 20. Mtoto aliyetoa peni yake aliisema merikebu ile “merikebu yetu”, na wala hakusema uongo.

Baadhi ya makusanyiko hayakungoja Mei. Tarehe 16 Desemba 1856 chama kilifanya kusanyiko la pekee London kumpokea mtumishi wake aliyekuwa amevuka Afrika kutoka pwani ya magharibi mpaka pwani ya mashariki, yaani David Livingstone. Mwaka uliofuata alikiacha chama akaenda kufanya kazi ya serikali, lakini Wakongregesheni hawakuacha kumhesabu kuwa mtu wao. Alipokufa mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, na mwili wake ukachukuliwa na watu wake mpaka pwani ya Bagamoyo, kisha ukazikwa London mwaka 1874, watu wengi walisema ya kuwa kazi yake isiachwe. Maneno ya namna hiyo ni mepesi katika ukumbi wenye taa na nyimbo. Ndipo mtu mmoja akayatia uzito.

Mtu huyo aliitwa Robert Arthington, wa mji wa Leeds. Alikuwa tajiri sana, walakini aliishi katika chumba kimoja cha nyumba yake kubwa, akala chakula cha maskini, hata jirani wakamwita bahili. Huyo bahili akaiandikia Misioni ya London kwamba atatoa pauni 5,000 wakikubali kwenda ziwa la Tanganyika, mpaka Ujiji, na kuweka chombo ziwani. Mwaka 1876 wakuu wa chama wakakubali. Sasa swali likawa, Mizigo itafikaje huko?

Mtu akitoka Mabawa akafuata pwani kwenda kusini, atafika Pangani, atavuka mto, atapita Mkwaja, na mwisho atafika Saadani, mji mdogo unaotazamana na Unguja. Hapo ndipo aliposhuka Roger Price mwaka 1876. Alikuwa mmisionari wa zamani wa Afrika ya Kusini, ambako magari yavutwayo na ng'ombe yalikuwa chombo cha kila safari. Akawaza ya kuwa, kama magari hayo yakiweza kupita hapa, hapana haja ya kutafuta mamia ya wapagazi. Akatwaa ng'ombe wachache, akaenda nao kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, nao wakarudi wazima. Akafurahi, akarudi Uingereza na habari hiyo njema.

Mwaka 1877 msafara wa kwanza ukaja: Price mwenyewe, na Thomson, na Clarke, na Dodgshun, na Hutley, na Edward Hore aliyekuwa mtu wa bahari. Walikuwa na magari na ng'ombe wengi. Wakaingia msituni kutoka Saadani, na ng'ombe wakaanza kukonda. Siku baada ya siku walianguka njiani mmoja mmoja, wala hapakuwa na dawa. Waliowaua ni mbung'o. Watu wa siku zile walijua ya kuwa kuumwa na mbung'o huua ng'ombe, lakini chanzo chake hakikujulikana. Ilikuwa karibu miaka ishirini baadaye, kule Zululand, David Bruce alipogundua kijidudu kidogo sana kiishicho katika damu, ambacho mbung'o hukichukua kutoka mnyama hata mnyama. Ng'ombe wa Price wa mwaka wa kwanza walikuwa na bahati, naye aliitwaa bahati akadhani ni ushahidi. Mwanafunzi wa hesabu atajua kosa lake: jaribio moja halitoshi.

Price akalazimika kurudi London mwanzoni mwa 1878 kueleza mambo yalivyo. Wenzake wakaajiri wapagazi, kama wafanyavyo wenyeji wa nchi tangu zamani, wakaendelea kwa miguu. Thomson, Hore na Hutley wakafika Ujiji tarehe 23 Agosti 1878. Mwezi uliofuata Thomson akafa. Dodgshun, aliyekuwa nyuma na mizigo, alifika Ujiji mwisho wa Machi 1879, akafa baada ya juma moja tu. Alikuwa amesafiri karibu miaka miwili ili akae kule siku saba.

Hapo ndipo mtu mmoja alipotenda jambo ambalo makatibu wa mikutano hawana desturi ya kulitenda. Dakta Joseph Mullens alikuwa katibu wa chama kwa mambo ya nchi za nje. Mwaka hata mwaka kazi yake ilikuwa kusoma barua za wamisionari, kuwaandikia, na kuwaeleza watu wa mikutano ya Mei habari zao. Alipoona ya kuwa kazi ya Tanganyika inataka kuanguka, akaomba ruhusa aende mwenyewe. Mwaka 1879 akafika Unguja pamoja na wamisionari wapya, akaingia bara kwa njia ile ile. Kabla ya kufika Mpwapwa akashikwa na ugonjwa, akafa tarehe 10 Julai 1879. Akazikwa Mpwapwa. Aliyezoea kuwasimulia watu wa London habari za makaburi ya mbali, sasa habari ilikuwa ya kaburi lake.

Haiwezi kukanwa ya kuwa mikutano ya Mei ilikuwa na lawama katika mambo haya. Watu waliopiga makofi hawakuijua njia ya Saadani, na waliotoa fedha hawakuona ng'ombe wakianguka. Walisikia majina ya Thomson na Dodgshun na Mullens, wakalia, na kulia kwao kulikuwa kwa kweli. Lakini mizigo ile ilifika Ujiji juu ya vichwa na mabega ya watu, Wanyamwezi na watu wa pwani, nao wengi waliugua na kufa njiani vile vile. Na majina yao machache tu yaliandikwa. Walakini haifai kusahau upande wa pili. Hapana mtu aliyewalazimisha sharika zile kuendelea. Kila usharika ulikuwa huru kusema, Tumechoka, peni zetu zimekwisha. Baada ya habari za misiba hiyo kufika, kama mkutano ungekuwa wa hesabu tu, huenda kazi ingalikoma mwaka huo. Waliokuwa wameshika mikono ya wasafiri siku ya kuagana, na kula nao mkate mmoja, hawakuweza kuifunga kazi kama mtu afungavyo daftari.

Kwa hiyo wakatuma wengine. Dakta Southon alikaa Urambo kwa mtemi Mirambo, akawa rafiki yake na mganga wake, mpaka alipokufa mwaka 1882 kwa jeraha la bunduki lililompata kwa ajali. Hore akaleta mashua ya chuma, Morning Star, yaani Nyota ya Asubuhi, imekatwa vipande. Vipande vile vikavutwa na watu juu ya vigari kutoka Saadani mpaka ziwani, nayo ikaelea Ujiji mwaka 1883. Mkewe, Annie Hore, alisafiri kwenda Ujiji pamoja na mtoto wao mdogo, amekaa katika kiti chenye magurudumu kilichochukuliwa na wapagazi. Na mwaka 1885 meli ya moshi iliyonuiwa na yule bahili wa Leeds ikashushwa majini, jina lake Good News, yaani Habari Njema. Vipande vyake havikupita Saadani. Vilipitishwa ziwa la Nyasa, kwa kuwa njia ya pwani hii ilikwisha kuwa ghali mno.

Msiba mwingine ulitokea pale pale Saadani. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilitwaa miji ya pwani, na watu wa Pangani wakaondoka kupigana nayo chini ya Abushiri, na wa Saadani chini ya Bwana Heri. Katika Januari 1889 Arthur Brooks wa Misioni ya London alikuwa akitoka bara kwenda kupanda chombo arudi kwao. Hakuwa Mjerumani, wala hakuwa na neno na watu wa pwani. Lakini siku za vita watu hawaulizani kwa utaratibu, akauawa karibu na Saadani pamoja na baadhi ya watu waliofuatana naye.

Baada ya hayo chama kilielekeza kazi yake upande wa kusini wa ziwa, na mwaka 1898 kituo cha Urambo kikatolewa kwa Wamoraviani. Makanisa yaliyoanzishwa kusini ya ziwa yaliingia mwaka 1965 katika Kanisa la Muungano la Zambia, pamoja na ya wengine, nao wakachagua wenyewe namna yao ya kujitawala, kama ilivyoandikwa katika kanuni ya 1796. Exeter Hall lilibomolewa mwaka 1907, na hoteli ikajengwa mahali pake. Wakongregesheni walio wengi wa Uingereza na Wales waliungana na Wapresibiteri mwaka 1972, wakawa kanisa moja, na umoja wao wa zamani ukaisha. Kule Saadani msitu na ufuo wake vilifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Wageni huja kutazama tembo na twiga, na mbung'o wangaliko.